Aliyeshika Upande wa Kompresa

Kuna nchi inaitwa Mbeleko. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ilikuwepo kwenye ramani moja ya ukutani, ofisi ya wilaya, mchwa wakaila, na serikali ikatangaza kwamba habari za mchwa ni siri ya jeshi. Ila watu wake wapo. Wanakula, wanaoana, wanadanganyana, kama watu wa kwingine tu.

Nchi hiyo iliwahi kupigana vita, siku tisa. Siku nne za kwenda, siku moja ya kuangaliana na adui, siku nne za kukimbia. Sema kule hawasemi kukimbia. Kwenye vitabu vya jeshi kunaitwa Kusonga Mbele kwa Upande wa Pili.

Katika kusonga huko, mkuu wa kikosi, Brigedia Lwambuka, alitoa amri mbili. Amri ya kwanza: bunduki zote nzito ziachwe porini, zitawachosha vijana. Amri ya pili: friza yake isiachwe.

Friza yenyewe ilikuwa ndefu kama jeneza la mtu aliyekula vizuri. Ndani kulijaa nyama ya mbuzi, ya kusherehekea ushindi. Umeme hakuna, siku ya saba, nyama imeshaanza kujitambulisha yenyewe kwa harufu. Wakachaguliwa watu wawili kuivusha Mlima Kisagau: Koplo Lukindo na Koplo Chikoti. Wametoka kijiji kimoja, wamejiunga siku moja, wamenyolewa kwa wembe mmoja.

Friza ina upande mwepesi na upande mzito. Upande mzito ndiko iliko kompresa, lile dude la chuma linalonguruma chini. Lukindo aliwahi upande mwepesi. Chikoti akaenda kwenye kompresa.

Katikati ya mlima, huko chini barabarani, tairi la lori likapasuka. Paa!

Lukindo alidhani ni kombora. Aliachia friza, akaruka, akazama kwenye shamba la mahindi la watu. Akalala huko, uso kwenye udongo, kwa muda ambao mama mmoja angemenya viazi vya watu wanne. Aliponyanyuka na kurudi, akakuta kitu ambacho hajawahi kukisahau mpaka leo. Chikoti amesimama pale pale. Friza nzima iko mgongoni kwake, miguu inatetemeka, mishipa ya shingo imetoka kama mizizi.

"Ungeiweka chini!" Lukindo akasema.

"Nikiiweka itateleza mpaka kwa adui," Chikoti akasema kwa sauti nyembamba. "Shika basi, kaka. Tunachelewa."

Lukindo kwa aibu akaishika kwa pupa, akaivuta vibaya, na yeye mgongo wake ukalia kah! Ndivyo walivyoumia wote wawili, siku moja, kwa friza moja. Habari ya mahindi Chikoti hakumwambia mtu. Si mkewe, si mlevi mwenzake, si padri.

Vita vilipoisha friza ilipewa Nishani ya Uvumilivu. Ikabandikwa kwenye mfuniko kwa gundi.

*

Miaka sita ikapita. Lukindo nyumbani akawa mtu wa kusimama kama mlingoti. Kunawa uso, anamwagiwa. Kikianguka kijiko, kinamsubiri mwanawe, Shukuru, atoke shule. Viatu anafungwa na mkewe, Zamoyoni, na kila akifungwa anaangalia juu kwenye paa, kana kwamba kuna kitu huko.

Kijijini alisema ni kipande cha kombora. Watu wakamheshimu kwa hicho kipande.

Basi mwaka huo serikali ikaamua kujenga Mnara wa Mashujaa Waliovunjika Migongo, juu ya Kilima cha Shukrani. Wazo zuri. Mawe yako mtoni, mnara uko kileleni, na magari ya serikali yako kwenye semina. Ikatoka amri: kila mwanamume mwenye mgongo mzima abebe jiwe moja kila siku, Jumapili mawili kwa sababu ni siku ya mapumziko. Wenye migongo iliyovunjika vitani wamesamehewa, ila lazima wawe na cheti cha asilimia arobaini au zaidi. Asiye na cheti mgongo wake ni mzima kisheria, hata kama yeye mwenyewe ana mawazo tofauti.

Kwa hiyo waliovunjika migongo wakaanza kubeba mawe ya mnara wa waliovunjika migongo.

Sajini mmoja, Mtobesya, mtu wa kikosi kile kile ambaye kijiji chao kilitangulia zamu, alibeba siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu akalala njiani, jiwe limemlalia. Mpaka leo mkewe anamgeuza kitandani kama chapati. Lukindo alikwenda kumwona. Alimkuta anatazama ukuta, na ukuta ulikuwa karibu sana na uso wake.

"Mkipewa jiwe," Mtobesya akasema bila kugeuka, maana hawezi, "kimbieni nchi."

Lukindo alirudi nyumbani anatembea polepole. Alijua mgongo wake hauna siku kumi na mbili. Na wa Chikoti hauna hata tano. Chikoti siku hizi alikuwa akikohoa anashika mti kwanza.

*

Pale mjini kulikuwa na jamaa mmoja wanamwita Ngekewa, kishoka wa mafaili. Hana ofisi. Anakaa kwenye kreti la soda nje ya Bodi ya Tathmini ya Migongo, anajua kila kitu kuliko Bodi yenyewe. Lukindo akampelekea jogoo.

Ngekewa akampima jogoo uzito kwa mkono, akaridhika, akafungua darasa.

"Sikiliza, koplo. Kwanza sahau maumivu. Maumivu hayana asilimia. Unaweza ukalia pale mpaka ukakauka kama dagaa, wataandika 'mwombaji ana machozi ya kutosha'. Wanapima kitu kimoja tu: unainama kiasi gani. Ukiinama ukapita digrii sitini, wanakupa kumi. Kati ya thelathini na sitini, ishirini. Usipofika thelathini, unakula arobaini yako, unaenda kulala."

"Na ukigusa chini?"

"Ukigusa chini wanakupa jiwe."

Lukindo akacheka. Ngekewa hakucheka.

"Sasa shika hili. Ukifika mlangoni utakuta bibi kizee amekaa kwenye kigoda. Bibi mzuri, mvi nyeupe, kanga safi. Ukimwona tu roho inakwambia mwamkie. Si ndiyo?"

"Si lazima nimwamkie? Bibi kizee!"

Hapa ieleweke. Kule Mbeleko, ukikutana na mama mtu mzima, unainama mpaka unagusa vumbi kwa kidole, ndipo unasema shikamoo. Asiyegusa vumbi wanasema amenyonyeshwa na mbuzi. Mtoto anafundishwa kabla ya kufundishwa kula mwenyewe.

"Yule bibi ni mwajiriwa," Ngekewa akasema. "Ana cheo. Afisa Maamkizi Daraja la Pili. Nyuma yake kuna pazia, nyuma ya pazia kuna karani na kipimapembe cha shule ya msingi. Ukiinama kumwamkia, umeshapimwa. Huko ndani utakuwa unaenda kusoma matokeo tu. Mwanangu, wanaume waliopigana na chui wamefeli kwa yule bibi. Akija hata mama yako mzazi, usiiname."

Ngekewa akamvuta karibu.

"La mwisho. Hiyo friza iliyo kwenye faili lako mlibeba wangapi?"

"Wawili."

"Ooh." Ngekewa akamwangalia jogoo kama vile anafikiria kumrudisha. "Kuna kanuni ya saba. Mzigo mmoja, mgongo mmoja. Serikali haiwezi kuamini kwamba friza moja ilivunja watu wawili, itaonekana friza ndiyo adui. Atapewa mmoja. Huyo mwenzio anazijua hizi habari nilizokwambia?"

"Hapana."

"Basi," Ngekewa akasema, na akanyoosha mkono kuaga.

*

Alhamisi Chikoti akaja kwa Lukindo na mihogo mitatu. Alikuwa hivyo, hawezi kuja mikono mitupu. Akakaa kwa awamu: kwanza mkono kwenye ukuta, halafu goti, halafu pumzi, halafu kiti.

"Kaka, Jumatatu tunaitwa kwenye Bodi, mimi na wewe," akasema. "Umesikia lolote? Wanaulizaje? Wanapimaje?"

Zamoyoni alikuwa anachambua mchele pale pale. Darasa lote la Ngekewa alishahadithiwa. Akainua macho.

Lukindo akamenya muhogo. Akaumenya vizuri sana, hakuacha hata doa.

"Sijasikia kitu," akasema. "Wewe nenda tu. Mungu yupo."

"Mungu yupo," Chikoti akakubali kwa furaha kabisa. "Na wewe upo. Tukiingia wawili watajua hatudanganyi."

Alipoondoka, Zamoyoni akaendelea kuchambua mchele. Alichambua mpaka ukaisha, akaumwaga kwenye ungo, akaanza upya.

*

Jumatatu foleni ilikuwa imezunguka jengo. Mbele yao mzee mmoja wa mguu wa gongo alikuwa anabishana dirishani.

"Mgongo mmenipa arobaini, mguu mmenipa ishirini. Si sitini hiyo?"

"Hamsini na mbili," karani akasema.

"Arobaini na ishirini?"

"Mzee, mgongo ulishachukua arobaini. Wewe umebaki mtu wa sitini. Ishirini ya mtu wa sitini ni kumi na mbili. Halafu tunashusha inakuwa hamsini. Ungekuwa na mguu mwingine mbovu tungekufikiria."

Mzee akauangalia mguu wake mzima kwa masikitiko, akaondoka.

Aliyefuata aliulizwa swali moja tu. "Huu mgongo ulikuwa nao kabla ya kujiunga na jeshi?"

"Ndiyo, afande, si mgongo wangu!"

"Basi tatizo lilikuwepo kabla ya jeshi. Anayefuata."

Anayefuata alikuwa Chikoti.

Na kweli, pale mlangoni alikaa bibi, mvi nyeupe, kanga safi, kigoda. Kifuani ana kitambulisho, lakini amekigeuza. Lukindo alikuwa hatua tatu nyuma. Hatua tatu si mbali. Mtu anaweza kukohoa. Anaweza kusema "kaka, hebu". Anaweza kumvuta shati. Mdomo wa Lukindo ulifunguka kabisa, hewa ikaingia, hewa ikatoka.

Chikoti alipomwona bibi uso wake ukachanua. Alimfikiria mama yake, inaonekana. Akashusha mkono mmoja kwenye goti, akauma meno, akaenda chini, chini, chini, jasho linamdondoka puani, mpaka kidole kikagusa vumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba! Ubarikiwe wewe na uzao wako!" Bibi akafurahi, na furaha yake haikuwa ya kazi. Nyuma ya pazia sauti ikapiga kelele: "Tisini na tano! Amepitiliza!"

Sasa Chikoti akawa hawezi kunyanyuka. Amebaki pale kakunjika kama kisu cha mfukoni, anaongea na vumbi. "Kaka," akaita taratibu, "hebu nipe mkono." Lukindo na askari wa zamu wakamnyanyua kidogo kidogo, huku yeye anaguna.

"Mbona hamliandiki hili?" askari wa zamu akauliza. Alikuwa mgeni kazini.

Karani akachungulia kutoka kwenye pazia, kipimapembe mkononi. "Fomu inasema kuinama. Kuinuka hakupimwi."

Ikafika zamu ya Lukindo. Akasimama mbele ya bibi, wima, mikono ubavuni. Bibi akamngoja. Foleni nzima ikamngoja.

"Shikamoo," akasema kwa juu juu, kama mtu anayesalimia kutoka kwenye ghorofa.

Bibi hakuitikia. Akamwangalia kuanzia viatu, vile viatu vilivyofungwa na mkewe, mpaka usoni.

"Mama yako yu hai?" akauliza.

"Alishafariki, bibi."

"Afadhali," bibi akasema.

"Digrii nne!" karani akashangilia nyuma ya pazia. "Na hizo nne ni za shingo!"

*

Ndani kulikuwa na meza ndefu na watu watatu. Daktari wa Bodi, ambaye alisomea meno. Katibu, ambaye kazi yake ni kuandika. Na katikati mwenyekiti wa Bodi, Brigedia Mstaafu Lwambuka mwenyewe. Yeye alikuwa na asilimia mia. Alivunjika mgongo katika vita vile vile, kwa kugeuka mara kwa mara kutazama kama friza inafuata.

"Vijana wangu!" akasema. "Nawakumbuka. Msikae, viti ni vya wenye cheti. Taifa hili, ndugu zangu, limesimama juu ya migongo. Mgongo ndio bendera ya mwili. Na mimi kama mgongo mwenzenu nimeomba faili hili niliamue mwenyewe, kwa haki, kabla ya chai."

Akafungua faili.

"Chikoti, mlangoni umepata tisini na tano. Hiyo ni ya wacheza sarakasi. Lakini Bodi ina huruma, inatoa nafasi ya pili. Kanuni ya saba inasema mzigo mmoja, mgongo mmoja. Basi nitauliza swali moja, na friza ilikuwa yangu, naijua. Upande mmoja mwepesi, upande mmoja una kompresa. Aliyeshika upande wa kompresa ndiye aliyeumia. Mwingine alikuwa anaisindikiza. Nani alishika upande wa kompresa?"

Chikoti akatabasamu. Alitabasamu kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Muulizeni Lukindo, afande," akasema. "Yeye anajua."

Lukindo alimwona Mtobesya na ule ukuta karibu na uso wake. Aliliona jiwe. Aliona pia shamba la mahindi, na udongo, na sisimizi mmoja aliyekuwa anapita mbele ya pua yake siku ile.

"Mimi," akasema.

Tabasamu la Chikoti halikuondoka mara moja. Lilikaa pale usoni kidogo, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba msiba umeisha.

"Nilijua!" Brigedia akapiga meza. "Maana nakumbuka siku ile niligeuka, nikaona kwa mbali mmoja wenu yuko kwenye mahindi. Chikoti! Ni nani alikuwa kwenye mahindi?"

Lukindo alihisi shati limemganda mgongoni. Sentensi moja tu. Chikoti alikuwa nayo mdomoni kwa miaka sita.

Chikoti akatazama chini. "Mahindi yalikuwa mengi, afande," akasema.

"Andika," Brigedia akamwambia katibu. "Amekiri kuyajua mahindi."

Daktari wa meno akapiga mhuri. Lukindo, asilimia arobaini. Chikoti, mgongo mzima, jiwe kuanzia kesho.

Nje, kwenye ngazi, Lukindo akataka kusema kitu. "Chikoti..."

"Ngazi zina utelezi," Chikoti akasema. "Shika ukuta, kaka."

*

Cheti kilikuwa kizuri, kina picha ya uti wa mgongo umezungukwa na majani ya mgomba. Zamoyoni akakisoma, akakikunja, akakirudisha.

"Hongera," akasema. "Leo nimemwona mke wa Chikoti anakuja kisimani. Nimepita njia ya kule kwa wafuga nguruwe."

"Kwa nini?"

"We baba Shukuru, usiniulize kwa nini."

Toka siku hiyo alimfunga viatu bila kumwangalia, na yeye akawa haangalii tena paa.

Kila asubuhi wabeba mawe walipita mbele ya nyumba. Lukindo alijifunza muda wao, akawa anaingia chooni kabla hawajafika. Alikaa humo anahesabu nyayo. Za Chikoti zilijulikana: moja nzito, moja inaburuzwa. Siku ya tano zikapita. Siku ya kumi zikapita. Majirani wakaanza kuamini kwamba lile kombora lilimharibu na tumbo pia.

Siku ya arobaini na moja mnara ukaisha, na wiki ya uzinduzi ikaletwa barua. Mashujaa wenye cheti hawaruhusiwi kutembea kwenda kileleni, ni aibu kwa taifa mgongo uliovunjika kuonekana unatembea. Kila mmoja atabebwa mgongoni na raia mwenye mgongo mzima. Na kwa kuwa Bodi inajali utaratibu, palipokuwa na shauri la mzigo mmoja, aliyeshindwa ndiye atakayembeba aliyeshinda, maana wameshazoeana kikazi.

Chikoti alifika saa moja asubuhi. Alikuwa amepungua, shati linamning'inia. Begani ana kanga ya mkewe, ya kumfungia Lukindo asidondoke.

"Panda, kaka."

"Sipandi."

"Usipopanda wataandika kwamba umepona. Utapewa jiwe la uzio wa mnara, na mimi nitapewa lingine kwa kuharibu shujaa. Panda, bana, jua halijawa kali."

Zamoyoni ndiye aliyefunga kanga. Alipofika kwenye fundo alimwambia Chikoti, "Shemeji, nisamehe," na Chikoti akasema, "Wewe umefanya nini?" Hakuna aliyemwangalia yule aliyekuwa juu.

Wakaanza kupanda. Njiani walipitwa na wenzao. Mwenye asilimia sitini alibebwa pamoja na kiti chake, kiti kikubwa cha mninga chenye mikono, yule wa chini macho yamemtoka. Mwenye themanini alikuwa na kiti na meza ndogo.

Kifua cha Lukindo kilikuwa kimelalia mgongo wa Chikoti, na kila hatua aliusikia uti ule unavyofanya kazi: kle, kle, kle, kama mtu anavunja kuni mbichi ndani ya mwili. Alijaribu kujifanya mwepesi. Akabana pumzi. Haisaidii. Aliwaza chakula chote alichokula mwezi ule, tena kwa raha, na akaona kila tonge limekaa wapi.

"Chikoti," akasema kwenye kisogo chake. "Siku ile nilikimbia."

"Najua. Nilikuwa nimebeba friza, sikuwa nimefumba macho."

"Na ile habari ya bibi mlangoni niliijua."

Kle, kle. Chikoti akasimama kupumua. "Hiyo sikuijua," akasema.

Akaikaza kanga kifuani. Wakapanda mpaka juu hivyo hivyo, na kilima kile hakikuwa kifupi.

*

Kileleni kulikuwa na tarumbeta, maturubai, na watoto wa shule waliosimama juani toka alfajiri kwa ajili ya furaha. Brigedia alihutubia saa moja na nusu, amelala kwenye kitanda kilichobebwa na watu wanne. Alisema mgongo ni mkataba kati ya mtu na nchi yake. Alisema asiyeumwa mgongo hajaipenda nchi, na anayelalamika mgongo haipendi pia. Watu walipiga makofi kila alipovuta pumzi, kwa sababu waliambiwa wapige kila akivuta pumzi.

Wabebaji hawakuruhusiwa kuwashusha mashujaa, wasije wakachafuka. Chikoti alikuwa anatetemeka kuanzia kwenye magoti, na tetemeko lilipanda mpaka kwenye meno ya Lukindo.

"Sasa," Brigedia akasema, "tumsikie shujaa mmoja. Aliyeshika upande wa kompresa! Koplo Lukindo, waambie vijana hawa."

Wakaleta kipaza sauti, wakakinyanyua mpaka alipo. Watu wote wakamtazama. Zamoyoni alikuwa katikati yao, na mke wa Chikoti upande wa pili kabisa.

Lukindo alikuwa ameandikiwa karatasi ya kusoma. Akaiachia, ikapeperuka.

"Kompresa aliishika huyu," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote nne. "Huyu aliye chini yangu. Mimi nilishika upande mwepesi, tena nikauachia. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mahindi. Friza aliibeba peke yake. Nimedanganya Bodi. Nishusheni. Mwenye mgongo uliovunjika ni huyu."

Tarumbeta moja iliyokuwa inajipima ikakata. Lukindo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, alipumua mpaka chini. Akasubiri mawe. Akasubiri pingu. Aliyatamani.

Brigedia alinyanyua kichwa kutoka kwenye mto. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Mmesikia?" akasema. "Mmesikia, wananchi? Mtu ana cheti mkononi, ana mhuri, na bado sifa anampa mbebaji wake! Eti mahindi! Anajitwisha mpaka mahindi ya mwenzake! Huo ndio unyenyekevu wa shujaa wa kweli, na unyenyekevu wa kiasi hiki lazima unaumiza mgongo. Katibu! Mwongeze kumi!"

Makofi yakapasuka. Tarumbeta zikalia. Watoto wa shule wakaimba.

"Hapana!" Lukindo akapiga kelele, lakini kipaza sauti kilishaondoka. "Nasema kweli! Jamani, nasema kweli!"

"Anakataa na nyongeza!" Brigedia akashangaa. "Mwacheni hapo hapo hamsini kabla hajatutoa machozi zaidi."

Katibu akafungua kitabu cha kanuni, akapitisha kidole, akasoma: asilimia hamsini anabebwa na kiti. Vijana wawili wakaja na kiti cha mninga, chenye mikono na mgongo wa kuegemea, wakakifunga kwa kamba kwenye mabega ya Chikoti, wakamkalisha Lukindo juu yake na kumkaza kwa mkanda asije akajidhuru kwa unyenyekevu.

Magoti ya Chikoti yalikunjika, yakagoma, yakanyooka tena.

"Kaka," akasema kutoka chini ya kiti.

"Naam."

"Usiseme tena kitu."

Akaanza kushuka kilima, hatua moja nzito, moja inaburuzwa, huku watu wa pande zote mbili za njia wanapiga vigelegele. Lukindo hakuweza kuinama kumwona, wala kuruka, wala kugeuza shingo asionane na mkewe. Akatoa cheti kifuani, akajifunika nacho uso. Watu wakadhani ni jua. Wakamletea mwavuli.